Fundo la Aproni

Kitu cha kwanza alichokiona Noreen kilikuwa fundo la aproni. Wanawake wengine wa kijiji kile cha makumbusho, walioigiza maisha ya kale, walifunga zao mgongoni. Huyu aliyekuwa akikanda unga wa mkate mekoni alifunga yake mbele, upande wa kushoto, kama mama. Noreen akamjua dada yake kabla hajainua uso.

"Glenda, mama yuko hospitali. Daktari anasema hataiona Jumapili."

Glenda hakuacha kukanda. Sheria ya pale ilikuwa kali: mbele ya wageni, mfanyakazi haruhusiwi kutoka katika enzi anazoziigiza, zile za kale za mfalme wa Uingereza.

"Umenifananisha, bibi. Mimi ni Temperance, mke wa mhunzi. Karibu, ota moto."

Watoto wa shule waliokuja kutembelea wakacheka. Mmoja akamsogezea simu. "Bibi Temperance, hiki nini?"

"Si kioo hicho? Mbona basi umetoka kwenu hujachana nywele?"

Kicheko kikalipuka. Noreen akasogea karibu na meza. Tangu siku Glenda na mama walipogombana kwenye mazishi ya baba, Glenda hapokei simu ya mtu. Noreen akirudi bila yeye, mama atakufa macho yakiwa mlangoni.

Akakusanya sketi yake, akainamisha kichwa kama watu wa pale.

"Basi, Bibi Temperance, mimi ni mjumbe tu. Nimetoka kwa mama yako, ng'ambo ya mto. Hajiwezi. Kila mlango ukilia anauliza, 'Ni yeye?'"

Mikono ya Glenda ikasimama ndani ya unga.

"Mwambie," alisema, sauti ikiwa bado ya mke wa mhunzi, ila nyembamba, "ana binti mwingine, yule mwema, asiyelia. Huyo anamtosha."

"Hamtoshi."

"Wanaigiza vizuri hawa," mtoto mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Glenda akalishika fundo la aproni kwa vidole vyenye unga. Akaliachia. Akarudi kwenye unga wake.

Hapo uigizaji wa mjumbe ukamshinda Noreen. Akazunguka meza, akamshika dada yake mkono mbele ya watoto wote.

"Simtoshi, dada. Silii kwa sababu ulipoondoka hakubaki mtu wa kunibembeleza. Ninaogopa. Ninaogopa tangu siku ile. Usiniache nimfumbe mama macho peke yangu."