Maziwa Yaliyopanda Mlima

Kamaliza alikuwa na miaka kumi na mitatu na maswali yasiyo na idadi. Mama yake alikuwa akisema kwamba huyu hakuzaliwa akilia, alizaliwa akiuliza. Mwaka ule wa 1954, pale kijijini Karuba, kwenye milima ya wafugaji, alikuwa akisoma dini ili abatizwe Pasaka, na mwalimu Straton, mtu wa watu, maskini, alikuwa ameanza kupita njia ya nyuma akimwona kwa mbali.

Swali lililomkaa rohoni lilitoka katika amri ya nne. Straton alikuwa amefundisha kwamba kumtii baba na mama, kama kumtii Mungu, ni jambo la upendo, si la woga.

"Mwalimu," Kamaliza akasema, "muntu atajua namna gani kama anatii juu ya upendo ao juu ya woga? Kwa kuangalia tu, iko sawa."

Straton akakuna kichwa. "Siku woga itakutoka, ujiangalie ndani. Kama ungali unatii, njo upendo."

Jibu hilo alikwenda nalo nyumbani, likamnyima raha, kwa sababu alimwogopa kweli baba yake, Makuza. Makuza hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na mambo ya ng'ombe hakuyafanyia mzaha. La kwanza lilikuwa hili: maziwa hayachemshwi. Ukiyachemsha, ng'ombe aliyeyatoa anakauka chuchu. Ndivyo alivyosema baba wa Makuza, na babu yake kabla yake, na katika ukoo mzima hakuna aliyethubutu kujaribu.

Basi katikati ya Kwaresima, Callixte, kitindamimba wao wa mwaka na nusu, akashikwa na kuhara. Akakonda mpaka shingo ikashindwa kubeba kichwa. Mama yao, Nyirabagenzi, akambeba mgongoni hadi dispansari, na muganga hakuzungusha maneno: maziwa mabichi ndiyo yanayomuumiza, apewe ya kuchemsha tu, kuanzia leo, la sivyo watampoteza.

Nyirabagenzi alirudi, akamlaza mtoto, akaweka sufuria kando ya moto na kukaa akiitazama. Makuza alikuwa malishoni, juu mlimani, na hangeshuka kabla ya jioni.

"Mama, tuchemshe," Kamaliza akasema.

"Papa yako alikataza."

"Haiko hapa."

"Na Bihogo ikikauka, nitamwambia nini?" Bihogo ndiye ng'ombe pekee aliyekuwa na maziwa wakati ule.

Kamaliza akamimina maziwa ndani ya sufuria, kisha akajichungulia moyoni kama alivyofundishwa. Ajabu, woga haukuwapo. Habari za ng'ombe kukauka hakuziamini tena, na hata ukali wa baba haukumtisha. Kilichomtisha ni pumzi fupi za Callixte. Moto ulikuwa unawaka, na mama alikuwa amegeukia ukuta kwa makusudi. Hakuna ambaye angejua. Sasa mkono wake ulikuwa unangoja nini?

Ndipo akamwona akilini baba yake alivyo kila jioni, akimpakata Callixte, akimpulizia tumbo, akiuliza leo amekula nini. Angelazimika kuutazama uso ule na kuudanganya. Hilo hakuliweza, kwa sababu alimpenda sana yule mzee.

Akafunika sufuria, akaibeba. Akachukua makaa ya moto ndani ya kigae, akatoka, akaupanda mlima, mikono yote miwili imejaa, nyasi zinateleza kama zimepakwa siagi.

Makuza aliuona moshi kabla ya kumwona binti. Akaja mbio. "Callixte iko namna gani?"

"Anapunguka, Papa. Muganga anasema tumupe maziwa ya kuchemsha. Ningechemusha kule chini, haungejua. Nimekuja kukuomba."

Makuza akatazama sufuria, akatazama makaa. Hasira ikampanda, mishipa ya shingo ikamsimama, na Kamaliza akabaki palepale.

"Uliogopa nitakupiga?"

"Hapana, Papa."

"Uliogopa ng'ombe itakauka?"

"Hapana."

"Sasa ulipandia nini mulima yote hii?"

"Sababu ni weye ulikataza. Na mimi nakupenda."

Makuza akakaa chini kwenye majani. Akachezea fimbo yake ya kuchungia.

"Mimi baba yangu nilimutii mpaka tukamuzika," akasema. "Sikumupandia mulima hata siku moja. Nilimuogopa tu, nikazani njo kumuheshimu."

Akainuka, akaokota vijiti mwenyewe, akauwasha moto palepale, mbele ya Bihogo. Maziwa yalipoanza kupanda, akamwekea ng'ombe mkono shingoni.

"Bihogo, ni mimi nimesema. Usimukasirikie mutoto."

Waliposhuka nayo, Callixte alikunywa, na usiku ule alilala bila kuchafua nguo. Asubuhi Kamaliza akasimama nje ya zizi, ametega masikio, akamsikia baba yake akichuchumaa, akikohoa, akichelewa kuanza. Kisha maziwa yakagonga ndani ya chombo cha mti, yakaendelea kugonga, mengi kama jana.

Makuza akatoka na chombo kimejaa. Hakumpa mkewe kama kawaida. Aliwapita mama na binti, akainama mlangoni pa nyumba, akaingia hadi penye moto.

"Mama Kamaliza," akaita, "sufuria iko wapi?"