Robo ya Ovaloki

Shemeji yangu anajua kila kitu kuhusu mchezo wa vishale isipokuwa kurusha kishale. Ni mume wa mdogo wangu, na mtaa mzima unamwita Mchambuzi. Mwenyewe anadhani ni sifa. Kila siku anakuja kwenye chumba chetu cha ushonaji, anakalia benchi la wateja, anafungua simu na kuanza kutupigia domo kuhusu kubeti.

Asubuhi ile alikuja na mkokoteni. Mwenye mkokoteni alisimama mlangoni akipangusa jasho, akauliza mashine yenyewe ni ipi. Mdogo wangu hakuinua uso. Alinyoosha kidole tu kuelekea ovaloki, ile mashine inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Ni yake, si yangu. Aliichukua kwa mkopo, akaulipa kwa kushona sare za shule mpaka macho yakamvimba. Bila ovaloki hakuna sare, na bila sare atabaki kunishikia pini.

"Unaiuza?" nikamuuliza.

"Si kuuza, dada. Mume wangu amesema jioni inarudi."

"Usiwe na presha, shemeji," Mchambuzi akadakia. "Fundi wa mtaa wa pili anaichukua sasa, jioni namrudishia hela yake na cha juu kidogo, mashine inarudi hapa hapa. Leo fainali."

"Si ulisema umeacha?"

"Nani kasema kuacha? Nimejiwekea kikomo. Kampuni ya kubeti yenyewe inashauri watu wacheze kwa kiasi. Kikomo kilipofika akaunti ikajifunga, na mimi nikaheshimu. Sijaigusa mpaka leo."

"Sasa utabeti kwa akaunti gani?"

"Ya mke wangu. Nimemfungulia jana."

Alisema hayo bila kupepesa macho. Wajinga nimewaona wengi, lakini mjinga mwenye nidhamu nilikuwa sijakutana naye. Nilitamani kumtoa nje kwa ufagio. Ila mashine haikuwa yangu, wala mume hakuwa wangu, kwa hiyo nikaamua kumchelewesha kwa njia ninayoijua.

"Hebu tueleweshe, Mchambuzi. Unabeti nini hasa?"

Akajiweka sawa kwenye benchi, taratibu, maana suruali yake ilikuwa imefumuka makalioni na shati ameliteremsha kuficha aibu.

"Masoko ni mengi. Kuna soko la nani atashinda, kuna la nani atapiga mia na themanini nyingi, yaani vishale vitatu vyenye alama za juu kabisa. Watu wanachanganya hayo mawili. Mtu anaweza kupiga mia na themanini mpaka bega likalegea, halafu akakosa dabo, ule ukanda mwembamba wa pembeni wa kumalizia, akafungwa vilevile. Mimi nacheza salama, nachagua mshindi. Yule anayerusha kwa mkono wa kushoto ana odi, yaani malipo kwa kila shilingi moja, ya moja nukta mbili tano. Maana yake kwa bei ya kampuni, katika mara mia anashinda themanini."

"Na mwenzake?" mdogo wangu akauliza. Alikuwa anachora kitambaa kwa chaki.

"Odi yake nne. Ishirini na tano katika mia."

Chaki ikasimama. "Themanini na ishirini na tano ni mia na tano."

"Hapo sasa!" Mchambuzi alifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Wengi hawalijui hilo. Ile tano ya juu ni ya kampuni. Kila soko wanalipanga hivyo, ashinde nani ashindwe nani, wao hawakosi."

"Kama sisi na mita tatu," mdogo wangu akasema polepole.

Mteja akitaka gauni, tunamwambia alete mita tatu. Gauni linakula mbili na nusu. Kinachobaki kinaingia chini ya meza, na hakuna anayeuliza. Ndivyo mafundi tulivyo, na wala sioni haya.

"Ewaa! Mke wangu ana akili jamani!"

"Na wewe ndiye mteja," akamwambia.

Mchambuzi aliendelea kutabasamu. Habari ilikuwa bado haijamfikia.

"Na ukishinda," nikasaidia, "juu ya hela yako unapata nini?"

"Robo."

"Kwa hiyo unaweka rehani ovaloki nzima ili upate robo ya ovaloki."

Mwenye mkokoteni ndiye aliyecheka kwanza. Mdogo wangu akamwomba radhi kwa usumbufu, akamwambia mashine haiendi.

Alasiri Mchambuzi alikuwa bado benchini, amenuna, anatazama fainali kwenye simu. Ghafla akaruka.

"Ameshinda! Mmeona? Tungekuwa na faida sasa hivi!"

Mguu wa mdogo wangu ukatulia kwenye pedali. Nikaogopa kweli. Niliona ataanza kumwomba msamaha.

"Ungeishia hapo?" akamuuliza.

"Niishie hapo wakati mkono umeshakubali? Kesho kuna..."

"Kesho ungekuja kubeba na hii cherehani. Funga hiyo akaunti yenye jina langu, nikiona."

Akaifunga. Kisha mdogo wangu akanyoosha mkono.

"Sasa lete suruali. Mtaa mzima umeshaona makalio yako tangu asubuhi."

Nikamtupia kitambaa cha maua kutoka chini ya meza, kile cha nusu mita. Hakikumzunguka. Alikaa amebana magoti, ameshikilia ncha zake kwa mikono miwili, akisikiliza ovaloki ikimshonea.