Kopo Lisilo na Lebo

Kocha wetu alikuwa na mtindo wake. Kila kopo jipya la unga wa kututia nguvu alililoweka kwenye maji ya moto, akabandua lebo, akakwangua gundi kwa ukucha. Eti timu pinzani zisituibie siri. "Ni vitamini tu, hata mtoto anakunywa," alisema. Sisi wakimbiaji saba tulikoroga, tukanywa, tukashukuru. Mwezi wa pili wa kuunywa, hata nikiwa nimejilaza, moyo ulikwenda mbio kuliko miguu.

Nikampelekea shangazi yangu mfamasia kijiko kimoja cha ule unga kwenye karatasi.

"Hiki ni nini?"

"Kinarudisha nguvu, shangazi."

"Nimeuliza ni nini, sijauliza kinafanya nini."

Nikamwambia kopo halina lebo. Akanituma nikapime damu, ikaonekana madini ya chuma yamepungua. Akanipa vidonge, boksi na maelezo yake yote, akaniamuru niache ule unga, nile nishibe na nilale mapema. Baada ya wiki sita mapaja yaliacha kuniuma kesho yake baada ya mazoezi, na moyo ukatulia.

Kocha alipogundua chupa yangu ina maji tu, alinicheka mbele ya wote. "Huyo shangazi yako amewahi kukimbia hata kufukuza kuku? Jumamosi ni mchujo. Watatu wa kwanza wanasafiri. Ukikosa, unakunywa hapa hapa tukikuona."

"Sawa," nikasema. Masikio yaliniwaka kwa hasira.

Nikawa wa nne. Mwenzetu tunayemwita Sindano alinipita kwenye hatua tano za mwisho. Bado nahema, kocha akaja na kikombe alichokoroga mwenyewe, meno yote nje.

"Haya, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Tangulia wewe, kocha."

"Mimi sikimbii."

"Si hata mtoto anakunywa?"

Alikitazama kile kikombe. Mkono haukupanda. Wenzangu wote waliona, na yeye alijua wameona.

Nikamnyang'anya, nikamwaga kwenye nyasi taratibu mpaka tone la mwisho.

Alinifukuza kwenye timu papo hapo. Nililia nyumbani, sitadanganya. Lakini Jumatatu asubuhi nilifunga kamba za viatu nikaenda uwanjani, kwa sababu uwanja si wake.

Nilimkuta Sindano kanitangulia, peke yake, chupa yake ina maji matupu.

"Shangazi yako," akaniuliza, "anafungua duka saa ngapi?"