Shikamoo ya Alfajiri

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara tatu, kikatulia.

Bibi alifumbua macho gizani. Mlio ule aliujua. Marehemu mama yake alikuwa akigonga hivyohivyo kila alipomaliza kukoroga chai. Lakini hapa ni kwa binti yake, nyumba ambayo marehemu hakuwahi kuikanyaga. Bibi alifika jana jioni, mjukuu akiwa ameshalala. Hakuwa amemwona tangu anaanza kutembea.

Alijitupia mtandio, akafuata mwanga wa jikoni. Juu ya kigoda aliketi mtu aliyempa mgongo. Mgongo umepinda, bega la kushoto limeshuka, mkono wenye mishipa iliyotuna umeshika kikombe. Akili ya bibi haijafika, mdomo ukatangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti ya kukwaruza. Kisha mtu yule akageuka, akacheka hadi chai ikamwagika. "Bibi! Umeniamkia mimi?"

Alikuwa mjukuu wake, wa miaka tisa. Uso ni wa yule aliyezikwa zamani, macho ni ya mtoto.

Bibi alikuwa fundi cherehani, na kwa mazoea ya kazi alikuwa amemshonea gauni kwa kukisia umri. Mtoto alilinyakua, akaenda kulijaribu. Binti akatoka chumbani, akakaa karibu na mama yake.

"Daktari anasema vinasaba vya kila mtu hukatika kila siku, mama. Jua linavikata, moshi unavikata. Ila mwili una mafundi wake, unaviunga. Mwili wa mwanangu haujui kuunga."

"Hata vyangu hukatika?"

"Hata vyako. Wewe imekuchukua maisha mazima kufika hapo. Yeye anakimbia."

Bibi alikitazama kigoda. Miguu ya kigoda ilikuwa imekatwa kwa msumeno na kusuguliwa laini, ili nyayo za mtoto zifike chini. Akamshika binti yake mkono.

Mtoto akarudi. Mbele gauni lilifagia sakafu, nyuma lilipanda hadi kwenye magoti.

"Nilijua," alisema, akitazama chini. "Shangazi naye aliniletea gauni. Akaniangalia mara moja tu, akalia. Hajarudi. Na wewe unaniogopa?"

"Nimeshtuka, mke mwenzangu. Siwezi kukudanganya."

"Sasa?"

"Sasa vua hilo gauni. Fundi gani anaacha kazi mbovu?"

Alifumua, akakata, akashona kwa mkono, futi ya kupimia ikiwa imening'inia shingoni bila kazi. Vidole vilijua vyenyewe: nyuma ongeza, mbele punguza, bega la kushoto teremsha. Ndivyo alivyomshonea mama yake gauni la mwisho. Alipolipiga pindo, vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama.

Lilimkaa kama ngozi.

"Umejuaje bila kunipima?"

"Nilishawahi kukushonea," bibi akasema, kisha akashtuka kwa alichokisema.

Mtoto hakushangaa. Alipapasa bega lililoshuka, akatabasamu kama mtu aliyekumbushwa jambo. Jioni, bibi alipobeba mkoba wake, alimkuta mtoto mlangoni amevaa gauni lake, ameegemea fremu.

"Uje tena, bibi. Usitume salamu tu, uje mwenyewe. Na usichelewe, utakuta nimekupita, itabidi uniamkie kweli."