Kola Iliyopinda

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa kulalamika hana mpinzani. Pasi ilimuunguza mkono wa kulia. Kidonda kikapona, vidole vikabaki vimejikunja. Tabibu wa viungo akasema tuvinyooshe kila asubuhi nusu saa, la sivyo vitakauka hivyo hivyo, na mkasi atausikia kwa jirani.

"Ukivivuta, mpe kitu cha kumshughulisha," akaninong'oneza. "Asahau maumivu."

Nikamwambia ahesabu vigae vya ukutani. Alifika cha nne akapiga ukunga. Nikamfungulia redio, akaniuliza kama nimeamua kumuua kwa muziki. Kumbe akili haiendi isikotaka, hata uisukume.

Na mume wangu anataka nini duniani? Kumkosoa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Asubuhi ya tano nikamwekea magotini koti la kike, jeusi. "Kazi ya mwenzio yule. Watu wanaisifu."

"Wanaisifu?" Akavaa miwani. "Hebu lete mwangani."

Nikavuta kidole gumba. "Kola imepinda," akasema. Nikavuta cha shahada. "Matundu ya vifungo yamepishana kama walevi." Cha kati, chenye kiburi kuliko vyote, kikanyooka bila mguno. "Mke wangu, mtu huyu hakufundishwa kazi, alipotea njia akaikuta cherehani." Nikajiuma mdomo nisicheke.

Siku tisa tulilisengenya koti lile. Ya kumi akataka kuona ndani ya kola, akafumua uzi kidogo. Palikuwa na mishono mitatu myekundu, alama anayoificha katika kila nguo anayoshona yeye.

Ndilo koti alilonishonea tukiwa wachumba. Nililitoa sandukuni nikalitia rangi nyeusi asilitambue; uzi ule mwekundu tu haukuishika.

"Na kola hii," akasema polepole, "uliivaa miaka yote ile?"

"Niliivaa."

"Wala hukusema."

"Ningesema nini, na nilikuwa nakupenda?"

Akainamisha kichwa. Nikaingiwa na hofu: siri imetoka, kesho nitamlaghai kwa lipi, na kidole cha mwisho bado kigumu? Akauchomoa mkono wake kutoka kwangu, akaunyoosha mwenyewe mbele yangu, kiganja wazi, vidole vyote vitano, jasho likimtiririka.

"Nipe mkasi," akasema. "Naifumua kola."