Ndevu Kwenye Kiti cha Wageni

Kitendawili. Usiniambie nitege, nimeshatega: nimekatwa sikulia, nimefagiwa sikutoka, na aliyenikata nikamtangulia kufika kwake. Fikiria pole pole. Ukishindwa usinipe mji, miji ya kupewa ninayo mingi na sijahamia hata mmoja. Wewe sogea hapa karibu, jibu litafika lenyewe, ingawa miguu halina.

Ndani ya kambi moja ya jeshi, kati ya stoo ya sare na chumba cha kupigia pasi, palikuwa na kinyozi. Hakuwa askari. Alikuwa raia, mtu mzima mwenye mvi zake, aliyepewa chumba chenye dirisha moja, kioo kimoja, na kiti cha kuzunguka ambacho kilizunguka upande mmoja tu. Ukitaka kutazama kushoto ilibidi upitie kulia kwanza. Askari walimwita Mzee Povu, kwa sababu sabuni yake ilimfika mtu mpaka masikioni.

Vichwa alivinyoa kwa mashine ya umeme. Mashine ile ilikuwa kuukuu, ikiwashwa inanguruma kama kinu cha kusaga unga, na watu waliokuwa chumbani walibaki kutazamana midomo. Lakini ndevu alizinyoa kwa wembe, na wembe haungurumi.

Alikuwa na desturi yake moja. Mtu akikaa kwenye kile kiti, shingo imefungwa kitambaa cheupe, husema mengi: ya mkewe, ya mkubwa wake wa kazi, ya jipu lililomwota mahali pabaya. Mzee Povu aliyafagia maneno hayo pamoja na nywele, akayamwaga kwenye pipa, na hakuna aliyewahi kumsikia akirudia hata moja. Kambi nzima ilimwamini. Na yeye mwenyewe alilala usingizi wa mtu safi.

Stoo ya sare ilikuwa mikononi mwa kijana mmoja mpole waliyemwita Bwana Stoo. Ukimwomba buti alikupa ya kushoto na ya kulia, jambo ambalo kabla yake halikuwa la uhakika. Huyu alikuwa na ndevu. Katika dini ya kwao, mwanamume akishakula kiapo mbele ya wazee wa ibada, wembe haupiti tena kidevuni mwake mpaka anazikwa. Bwana Stoo alikuwa amekula kiapo hicho, mama yake amesimama pembeni, amemshika mkono.

Sheria ya kambi ilitaka kila askari awe na kidevu kitupu, isipokuwa mkuu wa kambi ameruhusu. Ruhusa ya mdomo ilitosha, maana mdomo wa mkuu ndio uliokuwa sheria yenyewe.

Basi siku moja mkuu alikuja kunyolewa ndevu. Alikuwa ameegemea kiti, taulo la moto limemfunika uso. Mashine imezimwa. Mzee Povu alikuwa anakoroga sabuni kwenye kikombe, na Bwana Stoo amesimama mlangoni, ameleta koti la mkuu lililotoka kupigwa pasi.

"Wewe wa stoo," mkuu akasema chini ya taulo.

"Naam, afande."

"Hizo ndevu zako kaa nazo. Dini yako ni yako. Zichane tu, zisipite kola. Nimeruhusu."

"Nashukuru sana, afande."

Mzee Povu akaondoa taulo, akapaka povu. Baada ya hapo mkuu alihamishwa ghafla kwenda mbali, kabla hajamwambia mtu mwingine. Mkuu mpya hakupenda habari ndogo ndogo, na videvu alivihesabu kuwa habari ndogo. Akamwachia Sajenti Pasi.

Huyu aliitwa Pasi kwa sababu mikunjo ya suruali yake ilikuwa imenyooka kiasi cha kukata mkate. Asubuhi moja, kabla ya gwaride la ukaguzi, alipita mbele ya askari akasimama kwa Bwana Stoo.

"Hicho ni kidevu au kiota? Kuku wako ametaga mangapi?"

Askari wakacheka kwa ndani, vile askari wanavyocheka.

"Mkuu aliyeondoka aliniruhusu, afande. Kwa ajili ya dini."

"Nani alisikia?"

"Mzee Povu alikuwepo."

Wakaenda kwa kinyozi. Sajenti akaegemea mlango, akakitazama chumba taratibu, dari, dirisha, kioo, kama mtu anayepima pazia.

"Chumba kizuri hiki, mzee. Shemeji yangu naye ni kinyozi. Ananisumbua kila siku nimtafutie mahali."

"Ehe," Mzee Povu akasema.

"Haya. Huyu anadai mkuu alimruhusu ndevu, hapa hapa, na wewe upo. Kweli?"

Mzee Povu alikitazama kiti chake. Akaikumbuka desturi yake ya kutorudia maneno ya watu, akaona ni desturi nzuri, tena imemjia wakati mzuri.

"Afande, mimi nikiwa kazini mashine inanguruma. Ya watu siyasikii."

"Umemsikia?" Sajenti akamgeukia kijana. "Hajasikia. Kaa kitini."

Akikataa, ni mahabusu, kisha nyumbani bila kazi. Bwana Stoo akakaa. Mzee Povu akamfunga kitambaa, akanoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, akanoa tena ingawa ulikuwa tayari mkali. Kijana alimtazama kupitia kwenye kioo.

"Mzee, ulisikia?"

"Inua kidevu, mwanangu."

Akainua.

Zilikuwa nyingi, laini, zinanukia mafuta. Mzee Povu akazifagia, akazimwaga kwenye pipa, akafunika. Jioni akafunga chumba, akatembea kwenda kwake.

Mkewe alikuwa anashonea vifungo kwenye shati. "Umechelewa," akamwambia. "Mgeni wako ameshafika."

Kwenye kiti cha wageni, ndevu za Bwana Stoo zilikuwa zimekaa, zimechanwa vizuri, juu kidogo, pale ambapo uso ungekuwepo kama ungekuwepo. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai kimepoa.

Jibu umeshalipata, naona unatabasamu. Usiinuke bado, limebaki swali.

"Nimezikaribisha chai, hazinywi," mkewe akasema. "Lakini zina adabu. Zilijipangusa mlangoni kabla ya kuingia. Za nani?"

"Za kijana mmoja wa kazini."

"Sasa yeye kabaki na nini?"

Mzee Povu akauliza kama maji ya kuoga yapo.

Kesho yake alizibeba kwenye mfuko mpaka kwenye pipa la kambini, na jioni alizikuta zimekaa. Akazifukia nyuma ya nyumba. Zikarudi na udongo, mkewe akazifua, akazianika kwenye kamba kati ya fulana mbili za mumewe. Jirani alichungulia juu ya ukuta.

"Jirani, hizo ndevu za nani?"

"Za mgeni."

"Ziondoe basi, zimekauka. Mvua hiyo inakuja."

Basi zikakaa. Zikawa zinaota, kidogo kidogo, mpaka zikapita pale ambapo kola ingekuwa. Saa za ibada zilishuka kitini, zikainama, zikainuka, zikainama tena, na mke wa kinyozi alipunguza sauti ya redio. Mzee Povu alihamia jikoni kula.

Kule kambini, kidevu cha Bwana Stoo hakikuota tena hata unywele mmoja. Kilikuwa laini kama mgongo wa sahani. Sajenti Pasi alifurahi mno. Askari wapya walipofika alimsimamisha kijana mbele yao, akamshika kidevu kama anayeuza tikiti maji. "Tazameni! Hiki ndicho kidevu cha jeshi." Akampandisha cheo, akapewa utepe mmoja begani.

Bwana Stoo akaenda likizo kwao. Mama yake alifungua mlango, akamtazama, akasema, "Karibu, mgeni." Akamwandalia vizuri, akampa shuka safi, lakini hakumwita "mwanangu". Kijana akamweleza yote: ruhusa, taulo la moto, wembe.

"Nani alisikia?" mama akauliza.

Kijana alirudi kambini likizo haijaisha.

Habari za ndevu zilikuwa zimeshamfikia, kwa hiyo siku za mapumziko akawa anakwenda kuzitembelea. Alimwamkia mke wa kinyozi, akavua bereti, akakaa kwenye kiti cha pili, akazitazama. Ikifika saa ya ibada waliinama pamoja, kijana na ndevu zake, bega kwa bega, ingawa bega lilikuwa moja.

Siku moja mama mwenye nyumba alizinyanyua kwa mikono miwili, kama anavyonyanyuliwa mtoto aliyelala, akaziweka kidevuni pa kijana. Zilitulia kidogo. Zikageuka huku na huku, kama kuku anayetafuta pa kulalia. Kisha zikashuka, zikarudi kwenye kiti chao.

"Hazikai," Bwana Stoo akasema.

"Zinasubiri kitu," mama mwenye nyumba akajibu, akaangalia upande wa jikoni. Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka.

Kijana alipoondoka, akamfuata mumewe huko huko. "Baba watoto, kwani ulisikia?"

"Mboga hii chumvi imezidi," Mzee Povu akasema.

Chumvi haikuwa imezidi. Mkewe alikuwa ameisahau kabisa.

Usidhani hakujaribu. Alijaribu, akiwa na wembe mkononi, na Sajenti Pasi amelala kitini, povu mpaka masikioni.

"Afande, na kama kuna mtu alisikia?"

"Alisikia nini?"

"Ile ruhusa. Ya yule kijana wa stoo."

"Aliyesikia angesema siku ile. Leo ni porojo tu." Sajenti hakufungua hata macho. "Tena kidevu chenyewe hakioti, tumruhusu afuge nini? Hapa chini ya pua umeruka. Ukimaliza kuna wawili wapya nje, dini hiyo hiyo ya mwenzao, na visingizio hivyo hivyo. Wasafishe."

Mzee Povu akarudia chini ya pua. Kisha akawaita wale wawili, mmoja mmoja. Wa kwanza alifumba macho muda wote. Wa pili alisema asante, kwa mazoea.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa ameshaongeza viti. Ndevu zilikuwa zimekaa safu moja kama watu walio kwa daktari, zile za Bwana Stoo mwanzoni, kwa kuwa ndizo wenyeji.

"Viti vya kuazima vimekwisha," mkewe akamwambia. "Ukileta wengine, watakaa kitandani kwako."

Mama yake Bwana Stoo alifika mchana, siku ya mapumziko, pamoja na mwanawe. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kikapu, viatu vimejaa vumbi la safari.

"Hodi hapa."

"Karibu, dada. Karibu ndani, pita."

Akapita. Akaziangalia zile ndevu, akazipita mbili bila kusimama, kwa adabu ya mtu anayewapisha watoto wa wenzake. Mbele ya kiti cha mwanzo akasimama.

"Mwanangu," akasema. "Umekonda."

Zile ndevu zikainama. Mama akavuta kigoda, akatoa kitana kwenye kikapu, akaanza kuzichana kuanzia chini, pole pole, anafungua mafundo kwa vidole. Mwanawe alibaki mlangoni na kidevu chake cheupe, kama mtu aliyekodiwa kubeba mizigo. Hakuna aliyemwambia akae.

"Mwenye nyumba yupo?" mama akauliza.

"Yupo jikoni," mke wa kinyozi akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mzee Povu akatoka. Alisimama kwenye kizingiti, kijiko mkononi.

"Shikamoo, baba," mama akasema, na walikuwa rika moja. Hakuinua macho, aliendelea kuchana. "Sikuja kugombana. Mwanangu anasema aliruhusiwa. Mimi sikuwepo. Yule mkuu amehama, na sajenti wenu nimemwona asubuhi, amenipa kiti, ameniambia hakuna aliyesikia. Kesho narudi nyumbani. Wazee wa ibada wataniuliza kama mwanangu alikiuza kiapo chake kwa ajili ya huo utepe wa begani, na mimi sijui nitawajibu nini. Wakisikia kwamba aliruhusiwa kweli, watakuja wenyewe huko kambini kusema, hilo nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha. Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa ulikuwepo." Kitana kikasimama. "Ulisikia?"

Mke wa kinyozi akapunguza sauti ya redio, ingawa haikuwa saa ya ibada. Mzee Povu alikiona akilini chumba chake cha kambini, dirisha lake moja, kiti kinachozunguka upande mmoja, na shemeji wa mtu amesimama pale anakoroga sabuni kwenye kikombe chake. Akamtazama kijana mlangoni. Kidevu kilikuwa kile kile, hakijaota kitu, na hakikuonyesha kwamba kitaota. Akafuta mikono kwenye suruali, na ilikuwa mikavu.

"Nilisikia, mama," akasema. "Mashine ilikuwa imezimwa."