Kiti cha Aliyeleta Mkate

Yote nitakayoandika hapa ni kweli tupu. Naapa kwa goti langu la kushoto, maana la kulia nilibadilishiwa hospitalini na sasa halijui hata mvua inapokuja. Mahali nitakapokosea, kosa ni la hali ya hewa, si langu. Hali ya hewa ya nchi hii imenichanganya tangu nizaliwe.

Chukua kiangazi cha mwaka 1976. Waliobaki hapa kijijini Hagthwaite watakuambia kulikuwa na ukame, mabomba yakakauka, tukapanga foleni barabarani na ndoo. Sawa. Ila hawatakuambia kwamba malisho ya jirani zetu kina Sugden yalipasuka ufa mpana hivi kwamba mbwa wao wa kondoo alitumbukia Jumatatu, akatokea bonde la pili siku ya Alhamisi, tena kanenepa. Nilimwona kwa macho yangu. Au nilimwona mbwa aliyefanana naye. Mwaka 1987 ile tufani ya Oktoba iliangusha miti kusini, na wajuaji husema haikufika kwetu Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Haikufika, nakubali. Lakini asubuhi yake nilikuta kwenye kamba yangu ya kuanikia suruali ya mtu wa Kent. Nilijuaje ni ya mtu wa Kent? Ilikuwa imepigwa pasi.

Nasema haya ili ujue mimi, Wilf Outhwaite, ni mtu wa kumbukumbu. Kazi yangu ilikuwa kujenga kuta za mawe, zile zisizotiwa saruji, zinazogawa malisho huku milimani. Nimezijenga miaka arobaini na sita. Shule niliiacha nikiwa na kumi na tano. Mengine nilijisomea mwenyewe kwenye magazeti yaliyofungiwa chipsi, ndiyo maana najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache.

Sasa, kiti.

Katika baa yetu ya Farasi wa Mizigo kuna kiti kimoja cha mwaloni kando ya moto. Watu wengine hukaa walipobahatika. Kile kina mwenyewe. Kwenye mgongo wake kuna kibao cha shaba kilichopigiliwa na mwenye baa wa zamani, majira ya kuchipua ya 1963, baada ya ule msimu wa baridi uliogandisha hata mto. Kibao kinasema: *Cha aliyeleta mkate.*

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili mwaka ule, dhoruba ya theluji ilituzika kwa usiku mmoja. Kuta hazikuonekana, barabara haikuonekana, na kulikuwa na nyumba kumi na moja huku juu ambazo mikate yake yote ilitoka kwa mwokaji Iveson, maili mbili chini bondeni. Watu waliamka wakijua watakula viazi. Wakafungua milango, wakakuta mkate kizingitini. Nyumba zote kumi na moja. Mtu alikuwa amepanda mlima gizani na gunia mgongoni, akitembea juu ya vichwa vya kuta asipotee, na upepo ukafuta nyayo zake. Hakujitaja. Mwenye baa akasema basi, kiti kitamngoja.

Kikamngoja miaka ishirini na minane. Alikikalia paka tu. Mwaka 1991 Maureen akainunua baa, akasoma kibao, akauliza kwa sauti ni nani huyo. Mimi siku ile mgongo ulikuwa unaniuma vibaya, na moto ulikuwa unawaka vizuri. Nikatazama chini kwa haya, nikasema, "Yalikwisha hayo, Maureen. Sikupenda yasemwe."

Tangu hapo nimeisimulia safari ile labda mara elfu mbili. Mwanzoni nilikuwa naitunga. Baadaye nikawa naikumbuka. Sijui ilibadilika lini. Nikifika pale kwenye kona ya malisho ya Sugden, ambapo ukuta ulikuwa na pengo, vidole vyangu hufa ganzi kabisa, huwezi kunifanya nishike glasi. Mwili hausemi uongo, sivyo? Ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili moja ya Novemba, baada ya chakula cha mchana, mwalimu Imogen aliingia na kitabu kikuukuu chini ya kwapa. Anafundisha watoto wetu, na alikuwa anakusanya kumbukumbu za hali ya hewa za kijiji aziweke kwenye ubao mkubwa ukumbini. Kitabu kilikuwa cha marehemu Bi Tunnicliffe, mwalimu wa zamani, aliyepima mvua na theluji kila siku ya maisha yake kwa kopo la shaba lililosimama uani mwa kanisa.

"Kila hadithi naiangalia humu kwanza," Imogen akasema. "Ikilingana na kitabu, inapanda ubaoni."

"Na isipolingana?" akauliza Trevor Sugden. Huyu Trevor ana kondoo mia tatu na hajawahi kuniamini hata siku moja, hasa juu ya mbwa wao.

"Isipolingana, haipandi."

"Hiyo ni kwa watu wa kawaida. Kwa Wilf, isipolingana, anainuka kwenye kile kiti. Maureen, unasemaje?"

Maureen alikuwa anafuta glasi. "Mimi nasema kiti ni cha aliyeleta mkate, kipenzi. Kama ni Wilf, atakufia humo humo. Kama si Wilf, kwa nini namwekea kuni nzuri?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Tarehe ile naijua kuliko ya kuzaliwa kwangu.

"Andika, mwalimu," nikasema. "Jumanne, tarehe tano Februari, 1963. Alfajiri. Theluji inchi kumi na nne, mbali na ile iliyosukumwa na upepo."

Imogen akafunua, akashuka na kidole. "Ipo," akasema. "Jumanne tarehe tano. Theluji mpya, inchi kumi na nne."

Nikainua glasi kumwelekea Trevor, nikanywa taratibu ili aone vizuri.

Lakini Trevor hakukasirika. Alikuwa anakuna kidevu. "Jumanne ipi hiyo?"

"Iko moja tu kwa wiki, Trevor."

"Jumanne tarehe tano tulimzika babu yangu. Nilikuwa na miaka sita. Barabara ilikuwa imefukuliwa tangu Jumapili, jeneza likashushwa kwa gari, na mama alivaa viatu vyake vya visigino kwa sababu hakukuwa na theluji ya kuviharibu. Tarehe iko kwenye jiwe la kaburi. Nenda kasome, ni mwendo wa dakika mbili."

"Basi mlimzika chini ya inchi kumi na nne na hamkuona."

"Wilf, nilishika kofia ya babu siku nzima. Kulikuwa na jua."

Ikawa vurugu. Mmoja akasema kitabu hakiwezi kukosea, Bi Tunnicliffe alikuwa hakosei hata alipokuwa anakosea. Mwingine akasema jiwe la kaburi nalo halikosei, na hata likikosea, marehemu angejua. Mtu akauliza kama inawezekana theluji ilianguka upande mmoja wa kijiji na jua likawaka upande mwingine. Nikasema inawezekana sana, mimi nimewahi kuloa bega moja. Kusema kweli nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko wote. Nilikiona kitabu, nilimwona Trevor mtoto na kofia ya babu mapajani, na nilijiona mimi mwenyewe juu ya ukuta, siku hiyo hiyo moja.

Imogen alikuwa amerudi ukurasa wa kwanza. Akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti: "'Kipimo husomwa saa tatu asubuhi na kuandikwa kwenye tarehe ya jana, kwa kuwa saa nyingi za kipimo ni za jana.'"

"Maana yake?" Maureen akauliza.

"Maana yake Bi Tunnicliffe alitoka Jumatano saa tatu asubuhi, akapima kilichoanguka usiku, akakiandika Jumanne. Wapima mvua wote hufanya hivyo mpaka leo. Babu yake Trevor alizikwa Jumanne, hali ni nzuri. Theluji ikaanguka usiku. Watu wakaamka Jumatano, tarehe sita." Akanitazama, si kwa ubaya. "Bwana Outhwaite, mtu aliyekuwa ndani ya theluji ile angesema Jumatano. Jumanne iko mahali pamoja tu. Humu."

Moto ulipasua gogo.

"Wilf," akasema Trevor polepole, "ulikisoma lini hicho kitabu?"

Nilikisoma mwaka 1991, wiki ile ile ya Maureen. Kilikuwa kwenye kabati la kanisa na mimi nilikuwa najenga ukuta wa makaburi. Nilitaka hadithi yangu iwe na tarehe, kwa sababu watu hawabishani na tarehe. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba uzee unachanganya siku, Jumanne na Jumatano ni majirani, nani anajali. Na nilikuwa karibu kuyaamini. Hapo ndipo likanirudia jambo ambalo sikulifikiria miaka mingi: harufu ya kafuri, na shangazi yangu wa mjini Leeds akinifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini. Februari yote ya 1963 nililala kwake na matubwitubwi, mashavu kama maboga. Theluji niliiona dirishani.

"Ilikuwa Jumatano," sauti ikasema nyuma yetu.

Aliyesema alikuwa Hilda Iveson. Ana miaka themanini, anaishi peke yake katika nyumba iliyokuwa ya mwokaji, na kila Jumapili hukaa kwenye benchi la mlangoni na koti lake, kwa sababu hapo ndipo pana nafasi. Ni mtu wa maneno machache. Mikono yake ilikuwa imeshika mkoba.

"Jumatano," akarudia. "Baba alinikataza. Alisema msichana mwenye akili hatoki katika hali ile ya hewa, na mkate wake si wa kupotezwa mlimani. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, saa kumi na nusu alfajiri. Mikate iliganda kama matofali. Miwili niliitia ndani ya nguo, tumboni, isigande, kwa ajili ya nyumba ya kina Sugden kwa sababu walikuwa na msiba."

Trevor aligeuka na kiti chake kizima. "Yetu ilikuwa laini," akasema. "Mama alikuwa akisema kila mara. Hakuna aliyemwamini."

"Niliiweka kizingitini kwenu, nikagonga. Mkono ukatoka, ukaichukua, mlango ukafungwa. Baridi ilikuwa kali."

"Kwa nini hukusema, bibi Hilda?" Imogen akauliza.

"Baba angenichuna ngozi. Alihesabu mikate ile kwa wiki nzima akidhani panya. Halafu alipokufa, nikaona aibu kujisifia marehemu akiwa bado hajapoa. Halafu Wilf akaanza." Alinitazama, na nakuambia, ningependa zaidi anirushie mkoba. "Alisimulia vizuri. Aliweka vitu ambavyo sikuvikumbuka, mbweha, mwezi. Mwaka wa kwanza nilijua anadanganya. Baada ya miaka kumi nikaanza kujiuliza kama mimi ndiye niliyeota. Nilikuwa nakaa hapa nasikiliza, najiambia, Hilda, huenda ulilala tu siku ile, ukamsikia yeye akipita."

"Hakukuwa na mbweha," nikasema. Ndilo pekee lililonijia.

"Nilidhani nimemsahau."

Nimejenga kuta maisha yangu yote na najua sauti ya jiwe linapoteleza kabla ukuta haujaanguka. Nilikuwa na maneno bado. Ningeweza kusema tulikuwa wawili mlimani, hatukuonana kwa sababu ya upepo. Nilimwona Trevor akisubiri niseme hivyo hasa. Badala yake nikauliza:

"Pale kwenye pengo la ukuta wa Sugden. Ulipitaje?"

"Pengo gani? Ukuta ulikuwa mzima."

Bila shaka ulikuwa mzima. Pengo nilikutana nalo mimi mwaka 1979, nikaliziba kwa mikono hii, Januari, na vidole vikafa ganzi. Kumbe ganzi ile ilikuwa yangu kweli. Ya siku nyingine tu.

Nikainuka. Goti la kushoto lililalamika, la kulia halikusema kitu. Nikachukua mto wangu wa kukalia, nikaukung'uta, nikaurudisha kitini kwa sababu nao ulikuwa wa kiti.

"Njoo, Hilda."

"Mimi nimeshazoea hapa."

"Njoo, kipenzi," Maureen akasema, "kabla Wilf hajapata wazo."

Akaja polepole, na Trevor akamshika kiwiko. Alisoma kibao kwanza, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma bahasha kuhakikisha barua ni yake. Kisha akakaa, akafungua vifungo vya koti, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya humu ndani.

"Na wewe, Wilf," Trevor akasema, "miaka thelathini na mitatu ya moto wa mtu unailipaje?"

"Kama mfungwa. Kwa kukaa."

Nikaenda kwenye benchi la mlangoni. Ni jembamba, na upepo wa kutoka mlimani unapita chini ya mlango na kukushika vifundo vya miguu kama mkono wa mtu aliyelala sakafuni. Imogen alikuwa ameshavuta kiti karibu na Hilda na kutoa kalamu.

"Anzia mlango wa nyuma, bibi Hilda. Kulikuwa na mwezi?"

"Hapana," akasema Hilda. "Kulikuwa na giza tupu. Nilipapasa ukuta kwa mguu."

Nikainua kola ya koti langu, nikasogea mbele nisikie.